Benki ya Irving Imekutilia Shaka, Mama

Mama, shikamoo. Joto la hapa ughaibuni Irving lingekaanga chapati juu ya boneti ya gari. Jana nilimsindikiza Kaka Rashidi benki akutumie pesa za mabati ya paa lako linalovuja. Dada wa dirishani akamsomea maswali ya kumlinda mteja na matapeli: "Kuna mtu anakuharakisha utume?"

Kaka, na ukweli wake wa madrasa, akajibu: "Ndiyo, mama yangu. Kila asubuhi."

Pesa zikazuiwa papo hapo! Ada ya kutuma, hiyo ilikatwa bila swali hata moja. Tulalamike wapi? Dada akatunong'oneza kuwa ofisi ya serikali inayotetea wateja imepunguziwa wafanyakazi.

Basi mvua ikikunyeshea ndani, shukuru Mungu: mwanao amelindwa dhidi yako.

Tunakupenda, tapeli wetu.

Zuhura