Kiyoyozi cha Sebuleni na Neno Nililolipiga Chapa

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hii ni siku ya nne fomu ya kukuombea kibali cha kutoka kambini iko mbele yangu, na safu moja bado haijajazwa. Nyingine zote nimezijaza vizuri: jina lako, mji ulikotoka ng'ambo ya ziwa, kazi yako, fundi wa mashine za baridi. Iliyobaki ni ile inayouliza uhusiano wako na anayekuombea. Wewe unajua kwa nini imebaki. Mama hajui.

Lakini ngoja kwanza nikulalamikie, maana mashine yako, kile kiyoyozi cha sebuleni, imenichosha.

Ilianza kudondosha maji ndani wiki mbili zilizopita, pale pale juu ya maboksi ya dawa. Nikaweka beseni. Kisha ikaanza kuzima yenyewe, kuwaka, kuzima. Umeme nao ni kama unavyoujua, taa inakuwa nyekundu kama kaa la mkaa halafu inarudi. Nikamwita fundi wa mjini anayetengeneza redio. Akaisikiliza, akaipiga kofi ubavuni, akasema, "Hii imechoka, bwana mdogo. Ni ya kubembeleza." Akaondoka. Kubembeleza! Mashine inayolinda dawa za watoto wa kambi nzima, mimi niibembeleze.

Nakukumbuka ulipoiona mara ya kwanza. Ulikuwa na siku tatu tu tangu ushuke kwenye mtumbwi pale Kibirizi na kile kifuko chako cha spana, bila nguo ya kubadilisha. Mama alikuuliza mbona umeokoa vyuma ukaacha mashati, ukamjibu, "Dada, shati nitapewa. Spana ya namba kumi nani atanipa?" Ofisi yetu ilikuwa imechukua sebule yetu hapa Kasingirima iwe stoo ya dawa zisizotaka joto, kwa sababu kuta zake ni nene na barabara iko karibu. Mimi ndiye niliyeipendekeza, na nilijiona mtu. Wakaleta kile kiyoyozi cha dirishani, wakakipachika, wakaondoka. Wewe uliingia, ukasimama, ukaweka kiganja chini ya dirisha.

"Wameilaza vibaya. Maji itarudi kwa nyumba."

Ukaweka kabari ya mti chini yake ili mgongo uinamie nje kidogo, na tangu siku ile hatukuona tone ndani mpaka majuzi haya. Kazi yote haikufika nusu saa. Nikakupeleka ofisini, nikakutambulisha kwa mkuu kama "fundi mmoja mzuri kutoka mjini." Nilidhani nikisema mjomba watasema karani ameanza kuwaingiza ndugu zake. Wewe ulinitazama kidogo, kisha ukamsalimia mkuu.

Ulitaka kunifundisha. Kila Ijumaa ulikuwa unatoa lile chujio la mbele, unaliosha kwa maji ya sabuni na kulianika kivulini, kisha unazunguka nje na brashi laini kusugua mapezi ya nyuma, vile vibati vyembamba vilivyopangana, kutoka juu kwenda chini, "kama unachana mutoto nywele, hapana kumuumiza." Mimi nilikaa kwenye kigoda na daftari nikiandika. Kushika brashi niliogopa. Niliogopa kupinda kitu kisha nidaiwe maelezo. Siku moja ulilichukua daftari, ukasoma kurasa mbili, ukacheka mpaka ukakohoa.

"Umeandika muzuri, Karani. Shida ni moja. Mashine haijuake kusoma."

Na ile habari ya kahawa! Umeme ukikatika na kurudi, mtu asiwashe hapo hapo, asubiri mashine itulie, la sivyo kompresa, ile chupa ya chuma uliyoiita moyo wake, inakufa. Nilikuuliza dakika ngapi. Ukasema saa yako iliuzwa njiani, kwa hiyo kipimo ni kikombe kimoja cha kahawa ya moto, kinywewe hadi mwisho bila kupuliza. "Ukipuliza umeidanganya mashine. Na yenyewe itajua." Mimi nilikuwa napuliza ukigeuka. Nilikuwa na haraka ya kuiona imewaka, nisiulizwe.

Kisha ugomvi wa dagaa. Mvua zilikuwa zimeshika, mchanga wa Kibirizi haukaushi kitu, na Mama na Mama Shida wa jirani wakagundua kwamba mgongo wa kiyoyozi unatoa upepo wa moto mchana kutwa. Ulirudi ukakuta wametandika nyavu mpaka zimegusa mashine, dagaa wabichi wamelala wanapigwa upepo.

"Dada, mnaiziba pua!"

"Pua gani, kaka? Upepo wa bure huu. Serikali gani itatupa mwingine?"

"Magamba inaingia ndani. Itakufa."

"Na dagaa wangu wakioza, je, hawajafa?" Mama Shida akadakia, na wote wawili wakakucheka. Lakini hukuwafukuza. Ulipima hatua mbili kutoka ukutani, ukapanga mawe meupe uliyookota ufukweni, ukasema ng'ambo ya mawe waanike wanavyotaka, ndani ya mawe hata dagaa mmoja hapana. Wakakubali. Mvua zote zile tulikula dagaa wakavu wakati mtaa mzima unakula wenye uvundo, na mashine ikapumua.

Ulipoondoka mawe yalianza kutembea. Kila wiki yalisogea kidogo kuelekea ukutani. Niliyaona, Mjomba. Ningemwambia Mama nini? Angeuliza, "Kwani kaka yangu yuko wapi aje akataze mwenyewe?"

Sasa nifike pale.

Ilipokuja amri kwamba wakimbizi wanaoishi mjini waende kambini, kila ofisi iliambiwa iandike waliomo kwenye nyumba za wafanyakazi wake. Mwenye sababu ya kubaki angeombewa kibali. Kulikuwa na nafasi hiyo, niliisoma kwenye waraka kwa macho yangu. Mkuu alinipa kazi ya kupiga chapa orodha. Nilifika kwenye nyumba yetu. Nikaandika jina lako. Safu ya nne iliuliza uhusiano na mfanyakazi. Nilikaa na vidole juu ya mashine ya chapa. Nikafikiri: nikiandika mjomba, mkuu atauliza mbona miezi yote hii alikuwa "fundi kutoka mjini." Ataniita mwongo. Kwa hiyo, ili nisiitwe mwongo, nikaandika uongo. Nikapiga chapa: hakuna.

Asiye na uhusiano hakuombewa kibali.

Siku ya kupelekwa kambini ulikuwa umesimama kando ya lori na kifuko chako cha spana, pamoja na wakimbizi wenzako kutoka mtaa wa Buzebazeba. Ofisa akawa anasoma orodha kwa sauti, jina, nyumba, uhusiano. Nilidhani atasoma majina tu. Alipofika kwako akasoma yote. "Uhusiano, hakuna." Mama alikuwa mbali, anakufungia chakula kwenye kitambaa, hakusikia. Wewe ulisikia. Ulinitazama, nikatazama matairi. Ningependa ungenitukana, Mjomba, hata kofi ningelipokea. Ulisema, "Mutu wa kuosha chujio ni weye sasa. Kila Ijumaa," ukapanda.

Nimeosha mara tatu. Ijumaa zilizobaki zilipita nikiwa na kazi nyingi, ndivyo nilivyojiambia.

Jumatatu iliyopita mashine ilizima isiwake tena. Sista Perpetua, muuguzi wetu anayetunza dawa, alifika asubuhi na "mwakeye" yake, salamu ya kwao Kasulu, akiwa mchangamfu, akaingia sebuleni, na uchangamfu ukakatika. Alitoka na kipimajoto mkononi akaniwekea mbele ya macho.

"Soma."

"Thelathini, Sista."

"Wewe ni msomi, sema yote. Thelathini nini?"

"Nyuzi thelathini."

"Hizi ni dawa za vichanga, Karani. Leo nazibeba kwenye masanduku ya barafu, lakini barafu yangu ni ya siku mbili. Yule mzee wako yuko wapi?"

"Mzee gani, Sista?"

"Mzee wa kabari! Anayefanana na mama yako kama wamekatwa kwenye kitambaa kimoja. Unadhani sisi hatuna macho?"

Akaenda zake na masanduku. Nilibaki uani nimeshika daftari. Kumbe wenye macho walikuwa wanajua siku zote, na mimi nilikuwa namficha mtu ambaye sura yake imeandikwa usoni kwa mama yangu.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika, na hasira ndiyo iliyonipa mikono. Nilizunguka nyuma. Mawe yako meupe yalikuwa yamefika ukutani kabisa, yamegeuzwa ya kukandamizia wavu. Niliwaambia Mama na Mama Shida waondoe dagaa wao. Mama Shida akasema, "Heee, Karani leo kapandwa na nini?" Nilichukua brashi. Nilichana juu kwenda chini, na magamba yakaanza kutoka, Mjomba, magamba na mchanga na vichwa vya dagaa, bakuli zima, yameshikana na vumbi kama uji ulioganda. Mapezi mawili nikayapinda. Nikayanyoosha kwa kitana cha Mama. Chini, kabari yako ilikuwa imelowa na kuoza, mashine imerudi kuinamia ndani, ndiyo maana ya maji. Nikachonga nyingine kwa kisu cha jikoni. Ni mbaya, utaicheka.

Kisha nikamwomba Mama kahawa. Nikainywa nimesimama mbele ya mashine, ya moto, bila kupuliza hata mara moja. Ulimi uliungua na machozi yakanitoka. Mama akauliza nalia nini. Nikasema kahawa. Nilipomaliza nikawasha. Ikanguruma, ikatulia, ikaanza kupoza.

Lakini haipoi kama zamani. Ina mlio mpya, kama mtu anayesaga mchanga kwa meno, na jioni inafika nyuzi ishirini na sita inakwama hapo. Sista anataka ishirini na tano au chini yake. Mlio huo haumo kwenye daftari langu. Nimelisoma lote. Uliyoniambia yamo yote kwa mwandiko safi, na hakuna hata mstari mmoja unaoniambia nifanye nini sasa. Nakasirika nalo, nakasirika nawe kwa kutosema zaidi, kisha nakumbuka nani alikukatisha.

Mkuu amekubali ofisi iombe kibali cha fundi. Kilichobaki ni fomu, na fomu itaambatanishwa na orodha ya zamani. Nikiandika tena hakuna, watauliza kwa nini karani anamwombea mtu asiyemjua, na itarudishwa. Nikiandika ukweli, karatasi mbili zenye saini yangu zitagombana mbele ya mkuu. Siku nne nimekuwa nikitafuta neno la tatu. Nimefikiria "jirani." Nimefikiria hata "mtaalamu," ambalo si uhusiano wowote. Aibu gani hii, mtu aliyesoma mpaka kidato cha sita kukosa jina la ndugu wa mama yake.

Leo mchana, nilipofika kwenye maneno hayo, niliiweka barua hii kando, nikaenda jikoni, nikamsomea Mama fomu yote. Kisha nikamwambia nilichoandika mara ya kwanza. Alikuwa anachambua dagaa. Nilisubiri anifukuze.

"Alisikia?" akauliza.

"Alisikia."

"Na bado akakuagiza chujio." Akajifuta mikono. "Yule alinibeba mgongoni mto ulipofurika, mimi mtoto wa miaka minne. Hakuna! Haya, nenda ukaandike mbele yangu, nione."

Nimeandika. Alisimama nyuma ya kiti mpaka nilipomaliza, ingawa hajui kusoma, akataka nimwonyeshe kwa kidole neno lenyewe ni lipi. Baadaye nilimsikia uani akimwamrisha Mama Shida kuokota mawe.

Fomu nimempelekea mkuu kabla ya ofisi kufungwa. Alizilaza zile karatasi mbili mezani, akasoma moja, akasoma nyingine.

"Uongo ni upi kati ya hizi?"

"Wa kwanza, mzee."

"Ulikuwa unaogopa nini?"

Nilipotafuta kile nilichokuwa naogopa nilikuta ndicho hiki hiki kilichokuwa kikitokea, na bado nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu. Hajaniambia kama nina kazi. Fomu aliitia saini, na kwa saini hiyo ndiyo kibali chenyewe, akasema hilo langu tutaliongea Jumatatu.

Dereva anakuja huko kesho asubuhi. Atachukua kibali, na barua hii. Bahasha sitaifunga. Barua zinazoingia kambini husomwa getini, na zamani jambo hilo lingenifanya niandike mistari mitatu tu ya salamu. Leo wasome. Wakipenda wasome kwa sauti, kama siku ile ya lori, jina, nyumba, na safu ya nne.

Sijui kama utapanda gari. Una haki ya kukataa, na ukikataa nitaendelea na brashi yangu kila Ijumaa mpaka mashine ife au niijue. Ukija, spana ya namba kumi uje nayo, hapa hakuna. Usinihurumie kuhusu kabari. Kahawa itakuwa jikoni, na safari hii hutaniona nikipuliza.

Lala salama huko, Mjomba wangu, na unisamehe ukiweza.

Mimi, mpwa wako,
mtoto wa dada yako wa tumbo moja