Nilimnyamazisha mtoto aliyepima sawa

Mpendwa mshauri, tumsifu Yesu Kristo. Naomba msaada wako kabla shule hazijafunguliwa, maana nimeungama, kitubio nimekimaliza, lakini moyo umegoma kutulia.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, fundi cherehani hapa Majengo. Darasa la saba nilifaulu lakini sikwenda sekondari, mama aliugua nikabaki kumuuguza, na tangu hapo nikipita karibu na shule nikasikia watoto wanaitikia kwa pamoja huwa napunguza mwendo. Basi mwaka huu nilikuwa nashona bendera ndogo za jubilei ya parokia, zile za pembe tatu, Mwalimu Oswald alikuja kurekebishiwa suruali, akaziona akasema, "Mama, hizi ni pembetatu sawa kabisa, njoo uwaonyeshe watoto wangu wa darasa la sita." Nilikwenda, mshauri, nikakunja kitambaa kona kwa kona, mara tatu, kila mara kingo zinakutana, watoto wakaona wenyewe kwamba pande zote ni sawa na kila pembe ni nyuzi sitini, wakapiga makofi. Siku ile sikunawa mkono mapema, nilikaa nauangalia unga wa chaki. Mpaka leo nikipita sokoni wananiita, "Shikamoo mwalimu!" na wateja wanageuka kutazama ni nani huyo.

Mara ya pili Mwalimu aliitwa kikaoni akaniachia darasa, na mimi bendera nilikuwa nimezisahau nyumbani, nikachukua leso ya mraba, nikaikunja kona kwa kona kama tunavyokunja vilemba, nikawaambia hii nayo ni pembetatu sawa. Binti mmoja, nimwite Pamela, akaweka rula.

"Mwalimu, mbona upande huu ni ishirini na nane na hizi nyingine ni ishirini?"

Niliona kosa langu palepale, Mungu ananiona. Lakini nikasema, "Kitambaa kikikaa mshazari kinavutika. Wewe umewahi kushona hata kifungo?" Darasa zima likacheka, wakambatiza Fundi Kifungo. Sasa nasikia hanyooshi tena mkono. Mwalimu anataka nirudi muhula ujao, nami nikisema ukweli naogopa hataniita tena, na sijui kama nitapata darasa lingine maishani. Nifanyeje?

Mama Mshonaji, Majengo, Songea


Mama Mshonaji,

Pole, na nasema pole ya kweli. Hamu ya darasa si dhambi, na aliyeibeba miaka yote hiyo asichekwe.

Lakini mama yangu, kitambaa gani hicho kinachovutika sentimita nane? Kukosea umbo si neno, hata walimu wenye vyeti hufuta ubao. Ulichokosea ni kumuumbua mtoto ili wewe uendelee kuitwa mwalimu. Na kuungama kwa Padri ni vizuri, ila Padri hakuchekwa darasani.

Nenda kwa Mwalimu Oswald kabla ya kufungua shule, umweleze yote bila kuzungusha. Usiombe kipindi, omba dakika kumi. Simama mbele ya watoto walewale, useme: Pamela alipima sawa, mimi niliona, nikamnyamazisha. Usilie, watoto wasije wakaacha kumsikiliza yeye wakaanza kukubembeleza wewe. Kisha mpe chaki awaeleze wenzake kwa nini mraba ukikunjwa hivyo unatoa pande mbili tu zilizo sawa, halafu wewe kaa kwenye dawati usikilize.

Huenda usiitwe tena. Likubali hilo kabla hujatoka nyumbani. Kuhusu kiu yako, muulize afisa elimu kata kuhusu madarasa ya watu wazima, ujiandikishe, usome ulichokikosa kwa jina lako mwenyewe.

Wewe ulikosa shule kwa shida za nyumbani. Huyu binti yuko ndani ya darasa na amenyamaza kwa sababu yako. Nenda.