Tumemsuuza Mke Mwenza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeshakula, umetulia, na macho hayakusumbui sana leo. Sisi huku ni wazima, mimi na Mama, na kuku nao ni wazima ingawa walinusurika, kama utakavyosikia. Na wewe Baba Mdogo, shikamoo, maana najua msomaji ni wewe. Tafadhali soma polepole. Ukifika pa kucheka cheka, lakini usiimalize barua kimoyomoyo ukamwacha mwenyewe anasubiri.

Nimeandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikilitaja lori, Baba, unasema mtandao ni mbaya na kumpa Baba Mdogo simu, na kwake mtandao unakuwa mzuri papo hapo. Karatasi haina mtandao, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Daktari aliposema macho yako hayafai tena kushika usukani, ulituachia neno moja ukaenda kukaa kwa Baba Mdogo: utarudi nyumbani siku lori likishatoka uani, kwa kuwa huwezi kukaa barazani ukilitazama tu wakati wengine wanalipanda. Mama akajibu kwamba hewala, huyo mke mwenza amemchosha siku nyingi. Unajua anavyomwita. Anasema tangu aolewe hajawahi kupata gauni jipya kabla yule hajapata tairi. Basi tukatafuta mnunuzi, akaja muuza matofali wa kule juu. Bodi aliipenda, injini aliipenda, ila alipolipandisha kilima likachemka, mvuke ukajaa mbele hata njia haionekani. Akasema atarudi, na likipanda bila kuchemka atalichukua siku hiyohiyo.

Kazi ikaniangukia mimi, kitinda mimba wako, dereva wa gari la mikate. Asubuhi injini ikiwa baridi, kama ulivyonifundisha, nikafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikaingia uvunguni na karai, nikalegeza koki. Baba, yaliyotoka mimi sitayaita maji. Yalikuwa mekundu, mazito, yenye vipande vya kutu. Mama akachungulia, akasema kama haya ndiyo uliyokuwa ukimnywesha mke mwenza, basi yeye alipendelewa miaka yote hii na hakujua. Kuku wakaja mbio, maana dawa ya rejeta ina utamu wake, na Mama akawatimua kwa ufagio huku akinigombeza nifunike karai kabla hatujawazika wote.

Hapo ndipo nilipojifanya fundi. Dereva mwenzangu wa mikate aliniambia kutu ya ndani inatolewa na sabuni ya unga. Kipimo hakusema, nami sikuuliza, nikatia kama mtu anayefua mapazia. Nilipowasha injini, povu likafoka kwenye mdomo wa rejeta, likateremka kwenye bampa, likavuka ua hadi mlangoni kwa jirani. Jirani akatoka kuuliza kama siku hizi malori yanaoshwa kwa ndani. Nikamjibu ndiyo. Mama alicheka mpaka ikabidi akae kwenye kidato cha kebini.

Alipopata pumzi akakunja mikono ya gauni, akaniambia gari nalijua mimi, lakini kusuuza ni kwake, maana sabuni haitoki kwa maji ya kwanza na mfuaji mvivu huumbuliwa na mwenye nguo akianza kujikuna. Akashika mpira wa maji. Tukawa tunajaza, tunawasha, tunaacha injini ipate moto, tunazima, tunasubiri ipoe, tunamwaga, tunajaza tena. Nilipoona maji yameanza kutakata nikasema basi, yanatosha. Mama akayakinga kiganjani, akayasugua kwa vidole, akasema bado yanateleza. Tukarudia. Halafu akaniuliza kama nimefungua hita ya kebini, maana nayo inapitiwa na maji hayohayo. Nilikuwa sijafungua, Baba, na uchafu wote wa huko ulikuwa umejikalia raha mustarehe. Nikafungua, yakaja mekundu mapya. Nikamuuliza amejuaje mambo ya hita. Akasema mume wake hajawahi kulala bila kumsimulia habari za yule mwingine, kwa hiyo anamjua hadi utumbo.

Maji yalipotoka kama yalivyoingia, tukafunga koki na kutia dawa mpya, nusu yake na nusu maji yasiyo na chumvi. Mama alikuwa juu ya kigoda anamimina taratibu, kifuniko kiko wazi, injini inanguruma kwa chini, nami naminya mpira wa juu wa rejeta kutoa hewa. Kiputo kikipasuka, maji yanashuka kidogo, naye anaongeza. Hatukuwa na haraka. Sijakaa na Mama namna ile tangu nilipoanza kazi, na nilifurahi sana.

Kesho yake nikalipandisha kilima peke yangu. Mshale wa joto ukafika katikati, ukatulia hapohapo hadi juu. Nikageuza, nikateremka kwa gia nzito kama unavyoteremka wewe. Nilipoingia uani Mama hayupo. Nikamkuta jikoni. Ameinjika sufuria kubwa ya maji ya kuoga, na taulo lako liko begani kwake, jua la mchana limesimama utosini. Nikauliza maji ni ya nani. Aliitazama ile sufuria, akalitazama taulo, akasema hajui, amesikia gari linateremka na mikono ikaenda yenyewe. Halafu akakaa akalia, nami nikalia naye.

Sasa sikiliza, Baba, na wewe Baba Mdogo usipunguze sauti. Lori halijauzwa. Muuza matofali alirudi, likampandisha kilima bila tone la mvuke, akashuka anacheka, ameshanyoosha mkono. Mama akamwambia haliuzwi, atusamehe kwa usumbufu. Maskini ya Mungu, akanitazama mimi, nami nikawatazama kuku. Jioni ndipo Mama aliponieleza. Alisema yule mtu akilichukua litakuwa linapita njia hii kila siku na matofali yake, na kila likiteremka yeye atainuka kuinjika maji ya mtu ambaye haji. Mke mwenza kukaa uani amezoea, lakini hilo hataliweza.

Alitaka nikuambie limeuzwa, ili uje kwanza, mengine mtayamalizia hukuhuku. Anaogopa kwamba ukijua bado lipo hutarudi, kwa sababu uliapa, nawe ukiapa unakuwa mgumu kuliko nati yenye kutu. Nikamwambia siwezi kukudanganya. Akasema sawa, niende basi na lori lenyewe nikakuchukue nalo, ili kama ni kumkataa mke mwenza umkatae usoni.

Kwa hiyo Jumapili nakuja. Hutalitazama kutoka barazani, Baba, utalipanda. Mimi nitaendesha, wewe utakaa pembeni yangu ukinilaumu kila nikibadilisha gia, kama zamani ulivyokuwa ukinifundisha. Nilimwomba Mama tuje wote, nafasi ipo. Amekataa. Anasema sote tukiwa ndani ya gari, nani atabaki kulisikia likiteremka?

Ukikataa kupanda sitakulazimisha, wewe ni baba yangu. Nitarudi peke yangu. Ila ujue nitateremka kilima kilekile, na sufuria itakuwa imeshainjikwa.

Msalimie sana Mama Mdogo, na Baba Mdogo ahsante kwa sauti yako. Salamu za Mama sikupewa. Amesema zake hazipiti kwenye barua.

Ni mimi binti yako,
Kitinda Mimba