Mwalimu Amekuja Kupimwa

Jumatatu, 3 Machi

Wanagenzi wapya wamefika. Watatu. Mwaka mzima tutakuwa nao humu — wodini, kliniki, vikao vya familia — mpaka wawe wanasaikolojia wa kuachiwa mgonjwa bila kusimamiwa. Mmoja anaandika kila kitu. Nimepiga chafya, akaandika! Nimeshambandika jina: Kalamu.

Wameniuliza mimi nilifundishwa chumba gani. Nikawaonyesha stoo ya mashuka. Wakadhani natania. Lakini ndimo hasa. Tulikuwa wanafunzi wawili tu, mimi na marehemu shoga yangu, tumekalia marobota ya mablanketi, na Mwalimu amesimama mlangoni kwa sababu ndani hakubaki pa kusimama. Harufu ya sabuni ya kufulia mpaka leo kwangu ni harufu ya masomo.

Jumanne, 11 Machi

Nimemsikiliza Kalamu na mgonjwa wake wa kwanza. Mgonjwa akianza sentensi, Kalamu anaimalizia. Nikacheka moyoni. Mwalimu alinipa jina kwa kosa hilohilo: Kimbelembele. "Mwache mtu afike mwenyewe, Kimbelembele. Wewe si basi lake."

Nimemwambia Kalamu vivyo hivyo. Ameyaandika.

Nilipompoteza mgonjwa wangu wa kwanza — alijiua nyumbani, siku ya tatu baada ya kuruhusiwa — nilijifungia stoo nikalia. Mwalimu akaingia. Hakunipa pole wala methali. Akaanza kuhesabu mashuka. Akafika mia na kitu, akarudia upya, mpaka nikanyamaza. Kisha akasema, twende, wagonjwa wa saa nne wanangoja. Sijawahi kufarijiwa vizuri kuliko siku ile.

Alhamisi, 5 Juni

Binti yake Mwalimu amekuja ofisini. Nilimjua anatambaa, leo ana mvi mbili tatu. Kaniita shangazi kama zamani, halafu akaanza kunieleza.

Baba anasahau. Mwanzoni miwani, kisha njia ya kurudi nyumbani. Hayo walikuwa wakiyafunika. Lakini Mwalimu bado anapokea watu wenye shida zao sebuleni kwake, miaka yote hii tangu astaafu. Wiki iliyopita alimchanganya mama mmoja na jirani wa mama huyo. Akampa pole kwa mambo ya ndoa ya yule jirani, mambo aliyoambiwa kwa siri. Yote. Mtaa mzima umejua.

Mwalimu! Aliyetufundisha kwamba siri ya mgonjwa hata mto wako wa kulalia usiisikie.

Nimesema aletwe kesho. Mimi siwezi kumpima; mkono wangu hautakuwa na haki. Nimempa Kalamu; ripoti nitaipitia mimi.

Ijumaa, 6 Juni

Amekuja na koti lake la kahawia. Amewasalimia wauguzi wa zamani wote, na wawili kwa majina. Kwangu alisita. Akanishika mkono muda mrefu, akasema, "Umenenepa, mama." Sijui alikuwa anamwambia nani.

Nilikaa nje kwenye benchi, kama ndugu wa mgonjwa. Sista mkuu akapita, akaniona, akaketi nami.

Kalamu ametoka baada ya saa nzima, macho mekundu. Kanieleza. Alimpa maneno matano ya kukumbuka. Baada ya muda mfupi halikubaki hata moja. Alimwambia achore saa. Tarakimu zote zikarundikana upande mmoja. Lakini alipotaka kumdokezea neno la kwanza, Mwalimu akamzuia: "Usinisaidie, binti. Ukinisaidia utakuwa umejipima mwenyewe." Na mwishoni akampongeza. Akamwambia umefundishwa na mtu anayejua kazi.

Kalamu safari hii hakuandika kitu. Alisimama tu, kalamu mkononi.

Jumatatu, 9 Juni

Binti yake amerudi, mikono ameifumbata. Shangazi, andika ni uchovu. Andika ni sukari. Wale watu wa sebuleni ndio pumzi yake. Ukiwaondoa, baba hamalizi mwaka. Nikamwambia, mwanangu, na yule jirani aliyeanikwa mtaani je? Akalia. Nami nusura.

Alipoondoka nikafanya jambo la aibu. Naliandika hapa ili nisijidanganye. Nilimwita Kalamu nikamwambia labda arudie kipimo, labda mzee hakulala vizuri, labda kelele za korido. Labda, labda.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunimalizia sentensi hata moja. Kisha akasema, kwa adabu zote, "Mama, nitarudia ukiniagiza. Ila mwenyewe unajua kitatoka kilekile."

Nikamwambia nenda kapumzike. Nikabaki naangalia ukuta. Mficha maradhi kifo humuumbua — nimewaambia familia ngapi maneno hayo? Mia? Yalikuwa mepesi kweli mdomoni.

Nimetia saini ripoti ilivyo. Majibu nitampa mwenyewe. Hilo si la kumtwika mwanafunzi.

Jumatano, 11 Juni

Amefika saa tatu kamili. Binti yake nikamwomba angoje kwanza nje, niwe na mzee peke yetu kidogo. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri.

Mwalimu akaingia, akatazama viti viwili, akakalia changu. Akalivuta koti, akaunganisha vidole — vilevile! — akaniambia, "Karibu. Nini kimekuleta leo?"

Ningeweza kumsahihisha. Nikakaa kiti cha mgonjwa.

Nikasema kuna mtu nampenda, anasahau. Akauliza, tangu lini? Nikamwambia. Akauliza, anaumiza watu? Nikasema bila kukusudia, ndiyo, mmoja. Akatikisa kichwa polepole. Alisikiliza kama zamani, mwili mzima. Nilijiona nina miaka ishirini na sita, blanketi chini yangu, dunia nzima ina mtu wa kuielewa.

"Na umemwambia?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Naogopa."

"Unamwogopea yeye au unajiogopea wewe?"

Huko nje kitoroli cha dawa kikapita, magurudumu yanalia, kikaishia mbali. Akakitazama kidirisha cha mlango, akamwona binti yake kwenye benchi. Akamtazama sana. Kisha akanigeukia, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza saa ngapi:

"Mtu mwenyewe ni mimi?"

Nikasema nakuja, nakuletea maji.

Maji! Miaka thelathini kazini, nami jibu nililopata ni maji.

Naandika nimesimama kaunta ya wauguzi. Glasi mbili ziko tayari. Mlango nimeuacha wazi, namwona kisogo na mabega. Hajageuka. Hajainuka. Anangoja, kama alivyotufundisha kungoja.