Sinema Niliyompeleka Baba Mkwe

Dada Nabwire mpenzi,

Salamu toka Tororo. Mtoto ameota jino. Unakumbuka nilivyoisifu ile sinema ya Kifaransa ya mwoka mikate na bata wake? Basi jana baba mkwe alipokuja kumwona mjukuu, nikasema tumpeleke kwenye nyingine ya Kifaransa. Kumbe hii ameitengeneza mtu mwingine, na huyo simpendi kabisa. Watu wawili wakabusiana kitandani, nami nimekaa nyuma ya mzee ambaye kwa mila hata kula mbele yake siwezi. Nikajifunika shuka ya mtoto. Mzee akainuka akatoka. Nikajua kwa aibu hiyo hatampakata mjukuu wake.

Leo asubuhi akamwambia mume wangu, "Mwambie mkeo nilifumba macho mapema. Nileteeni mtoto."

Nimemfikisha mtoto mlangoni nikakimbia. Aibu bado inanichoma. Mungu awatunze, na Mama asijue.

Mdogo wako,
Ajiambo