Baba, Hatukuhitaji Mtaimbo Mrefu

Baba yangu,

Wanafunzi wangu wa Gredi ya Saba wamefika kwenye somo la nyenzo za kuinulia mizigo, na mimi nimeshindwa kulimaliza. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa najua ulipo barua haifiki.

Wewe, uliyeacha shule darasa la nne, ndiwe mwalimu wangu wa kwanza wa sayansi. Unakumbuka ulivyonisukuma kwa wilbaro kutoka kwetu Kiandutu hadi kwenye bomba la maji? Nilikuuliza mbona huchoki. Ukanieleza kwamba gurudumu liko mbele, mzigo katikati, na mikono yako nyuma kabisa, kwa hivyo gurudumu linakusaidia kunibeba. Ukanisogeza karibu nalo, ukasema sasa nimekuwa mwepesi zaidi. Nilicheka mpaka nikakaribia kuanguka. Siku nyingine ulinipa beleshi nichote mchanga. Mkono wa nyuma unatulia, wa katikati ndio unainua, na mchanga uko huko mbele. Nililalamika kwamba ni nzito. Ulisema, "Beleshi inakula nguvu, lakini inarusha mbali."

Nikasoma, nikawa mwalimu, nikapanga nyumba Ruiru karibu na Membley. Nilikuomba uache kazi ya machimbo ya mawe. Ulikataa kwa upole, kama kawaida yako.

Jumamosi ile nilikuletea githeri ya chakula cha mchana kule machimboni Theta. Ulikuwa umeinama ukinawa mikono jiwe lilipoteleza kutoka juu, likakulalia mapaja. Wenzako wawili walikuja mbio na mtaimbo wa chuma. Wakaingiza ncha chini ya jiwe, wakaweka kijiwe cha kuegemea, wakakandamiza upande wa pili. Jiwe halikutikisika. Mimi, mwalimu, nikawaambia mtaimbo ni mfupi, watafute mrefu. Waliniamini kwa sababu nimesoma. Mmoja akaondoka kwenda machimbo ya jirani, na ikapita karibu saa nzima kabla hajarudi.

Wakati huo wote nilikuwa nimekushika kichwa. Ulisema, "Kijiwe. Sogezeni kijiwe." Nilidhani kokoto zinakuchoma. Nikapapasa chini ya shingo yako, nikaziondoa moja moja, nikakutandikia leso yangu. Ulinitazama kwa muda mrefu, kisha ukafumba macho.

Mtaimbo mrefu ulipofika, jiwe liliinuka kwa urahisi. Tulishangilia, Baba. Katika Hospitali ya Thika ulikunywa chai na ukaniuliza kama wanafunzi wangu wanasoma. Siku ya nne ukafariki. Daktari alisema misuli iliyobanwa kwa muda mrefu ilitia sumu kwenye damu, na figo zikashindwa.

Ijumaa iliyopita nilichora ubaoni wenzo ambao egemeo lake liko kati ya nguvu na mzigo. Msichana wa dawati la mbele akauliza mtu atafanya nini kama chuma chake ni kifupi na hana kingine. Nikamjibu, bila kufikiri, kwamba asogeze egemeo karibu na mzigo, na nguvu ileile itatosha. Nikasikia nilichosema. Kijiwe chao kilikuwa mbali na jiwe, Baba. Nilikiona kwa macho yangu. Ulikuwa unatuelekeza, na mimi nikakupangusia kokoto.

Nilitoka darasani. Leo mwalimu mwingine amenishikia kipindi. Watu husema nilifanya nilivyoweza, na kila mtu akisema hivyo, natamani anyamaze.

Jumapili nilienda Kiandutu. Mama alinipikia, akanishukuru tena kwamba nilikuwa nawe, kwamba hukuwa peke yako. Nilikula. Sikumwambia. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa, na ndiwe pekee ambaye ningeweza kumwomba msamaha.

Lala, Baba. Mimi silali vizuri.

Binti yako wa kwanza