Stendi Inayoshuka Hadi Mkekani

Shikamoo mama,

Nipo Mwenge, joto hadi blauzi imenata mgongoni. Nimetoka kununua stendi ya kamera, ndogo, ukiikunja ni sentimita thelathini na tano, inaingia begini.

Muuzaji alisifia urefu tu: "Hii inapanda mita moja na nusu, dada."

"Inashuka hadi wapi?"

Akacheka. "Kwani unawapiga picha kuku?"

Nikakaa sakafuni, kimo chako ukiwa mkekani unachambua mchele. Akazishusha stendi zake moja moja mbele yangu; nne zilibaki juu ya kichwa changu. Ya tano ikanifikia usoni.

Miaka kumi na tisa nawapiga picha nyie wote, mama, na hakuna hata moja niliyokaa nawe. Safari hii kamera itasimama yenyewe. Niachie nafasi mkekani, upande wa kulia.

Mwanao anayekukumbuka,
Zuhura